Njano ya Ukutani

Watu wa mtaa walimwita Mama Picha, na hata wale waliomjua kabla hajashika kamera walikuwa wameshasahau jina lake jingine. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazamana na zahanati, na katikati palikuwa na barabara ya vumbi na mtaro usiokauka. Ndani mlikuwa na kigoda cha kuzunguka, pazia la buluu la picha za vitambulisho, taa yenye mwavuli mweupe, kioo kilichopasuka pembeni, kitana kilichofungwa kwa uzi kisiibwe, na koti jeusi la kuazima ambalo nusu ya wanaume wa mtaa ule walikuwa wameshapigwa picha wakiwa wamelivaa. Mwembamba akilivaa, Mama Picha alilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mnene akilivaa, aliambiwa asipumue.

Taabu ya chumba kile ilikuwa kuta zake. Mpangaji wa kabla yake alikuwa akiuza vocha za simu, na kampuni fulani ikampakia chumba kizima rangi ya njano, njano ya kiini cha yai, toka sakafuni hadi darini. Mwenye nyumba aliipenda mno.

"Hiyo rangi ya bure, mama, tena ya mafuta," alisema. "Ukiigusa tu, utanipakia nyumba nzima."

Basi taa ikiwaka, mwanga uligonga ukuta, ukarudi kwenye nyuso za watu, na kila mmoja akatokea kwenye kompyuta kama aliyeogeshwa bizari.

"Mama Picha," fundi viatu aliyekaa barazani alipenda kumchokoza, "umenipiga picha au umeniunga mchuzi?"

"Mchuzi wako ulishachacha zamani. Kaa sawa, shingo hiyo."

Lakini picha hazikumfikia mteja zikiwa hivyo. Mume wake, kabla hajafariki, alimwachia dawa yake. Kwenye kompyuta kuna mstari wa rangi. Ukiusogeza kuelekea upande wa buluu, njano inatoka. "Utajuaje kwamba imetosha? Tazama macho," alimfundisha. "Weupe wa macho ukiwa mweupe, picha imesafika. Njano yote unayoiona humu ni ya ukuta, si ya mtu. Itoe."

Mama Picha hakusoma sana. Shule ilimwacha njiani akiwa ameambulia kusoma, kuandika na hesabu za dukani, na mashine zilimtisha. Alichofundishwa alikishika vilevile, hakuongeza, hakupunguza. Picha ikiingia tu kwenye kompyuta, kabla hata hajaikagua, mkono ulikuwa umeshausogeza ule mstari. Mume akazikwa, mkono ukaendelea.

Alikuwa mwanamke wa wasiwasi. Kufuli alilifunga, akaondoka, akarudi kulitikisa. Mtoto wa jirani akikohoa, yeye ndiye aliyekosa usingizi. Bintiye alikuwa akisema kwamba mama yake akikosa jambo la kuhofia, huanza kuhofia kwa nini halipo. Naye alijibu kwamba anayeangalia chini hajikwai. Alizika mume na watoto wawili wachanga, akabakiwa na binti huyo mmoja. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia atulie.

Zahanati ya pale ilikuwa na nesi mmoja aliyefanya kila kitu: kuzalisha, kuchoma sindano, kufunga vidonda na kugombeza walevi. Daktari hakuwepo. Alikuwepo kwenye hospitali kubwa, mbali, na mgonjwa aliyezidiwa aliandaliwa safari kama anayehama. Kisha wakubwa wa afya wakaleta kioo cha daktari. Chumba cha stoo kilifagiliwa, kikawekwa meza, kiti na simu pana yenye kioo kikubwa, na ndani ya kioo akawa anatokea daktari mmoja, dada kijana mwenye sauti iliyokwaruza, anayehudumia zahanati nyingi kwa zamu. Mtandao ukiwa mzuri mlizungumza naye uso kwa uso. Ukiwa mbaya, nesi alituma picha na maelezo, naye akajibu kwa sauti.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema fundi viatu.

"Wewe ngoja ya karibu," alijibu Mama Picha. "Nyoka wako keshapanda hadi gotini."

Fundi viatu alikuwa na kidonda mguuni ambacho alikifunga kwa vipande vya ngozi ya viatu na kukisingizia mbu. Nesi alimburuta mbele ya kioo. Dawa ikabadilishwa, na kidonda kile kikaanza kufunga, kwanza pembeni, kisha katikati. Mtoto wa muuza mkaa naye alipobanwa na kifua, daktari aliutazama ubavu wake ukizama kwenye kioo, akaamrisha apelekwe hospitali bila kungoja, na mtoto akarudi mzima akiomba mkate. Tangu hapo hakuna aliyetaja fimbo tena. Asubuhi foleni ya kioo ilikuwa ndefu kuliko ya dawa.

Ndipo ile simu pana ilipoangukia beseni la maji. Ilipona, ila jicho lake la kamera likaingia ukungu, na picha zikawa kama zimepigwa chini ya mto. Nesi akavuka barabara.

"Mama Picha, nisaidie. Nitakuletea vidonda na vipele, wewe vipige, nirushie kwenye simu, mimi nimtumie Dokta."

Akakubali, na kazi ile akaifanya kwa moyo wote. Aliweka rula pembeni ya kidonda ili ukubwa wake uonekane. Mwenye upele alimgeuza polepole, akamfunika pasipohusika. Siku moja nesi alikuja akicheka. "Dokta anauliza ni nani anayepiga hizi picha. Anasema anaona vizuri kuliko kama angekuwepo." Akamgusa bega. "Picha zako ndiyo macho ya Dokta, mama."

Maneno yale Mama Picha aliyaweka kifuani kama mtu anavyoweka kitu chake cha thamani. Na picha za wagonjwa nazo, kabla ya kwenda kwa nesi, zilipita kwenye kompyuta na kusafishwa njano ya ukuta kama nyingine zote. Vidonda havikudhurika. Kidonda ni kidonda, hata ukikitoa njano.

Kisha bintiye akajifungua. Mume wa binti alikuwa dereva wa malori ya masafa, na siku za mkewe kujifungua zilimkuta yuko safarini. Basi msichana akaja kujifungulia kwa mama yake. Mtoto alikuja mapema kidogo, mdogo, wa kiume, mwenye nywele nyingi kama kofia. Mama Picha alimpokea mikononi mwa nesi.

"Mume wangu huyu," alisema. "Kachelewa, lakini kaja."

"Mume gani hana meno?" bintiye aliuliza kwa uchovu kutoka kitandani.

"Babu yako naye hakuwa nayo mwishoni, na nyumba ilisimama."

Waliishi vyumba viwili vya nyuma ya studio. Dirisha la chumba cha mzazi lilikuwa dogo na lilitazamana na ukuta wa jirani, umbali wa mkono tu, kwa hiyo hata adhuhuri waliwasha balbu. Kwenye mwanga huo wa balbu, wiki ya kwanza haijaisha, binti aliita.

"Mama, hebu njoo. Macho yake nayaona kama yana njano."

Mama Picha aliacha alichokuwa anafanya papo hapo. Akainama, akamfunua mtoto jicho kwa kidole gumba. Lakini balbu yenyewe ilikuwa ya njano. Shuka lilikuwa na njano, mkono wake mwenyewe ulikuwa na njano. Hakubahatisha. Akamfunga mtoto, wakavuka barabara.

Ilikuwa siku ya chanjo. Akina mama walijaa hadi mtaroni, watoto wanalia kwa zamu, na nesi jasho linamtiririka. Alimtazama mtoto pale pale kwenye ukumbi wenye giza.

"Ananyonya?"

"Ananyonya," alisema binti.

"Wengi huwa na njano kidogo, hutoka yenyewe. Lakini tusibahatishe. Leo mtandao hauvuti uso, unavuta picha tu. Mama Picha, mpige macho, kifua na nyayo, nitumie. Dokta ataona sasa hivi."

Hapo wasiwasi wa Mama Picha ukapata pa kushika. Kupiga picha alijua. Alitandika taulo jeupe juu ya meza, akawasha taa ya mwavuli, na bintiye akamshika mtoto kichwa kwa vidole viwili.

"Fungua macho, mume wangu. Daktari anataka kukuona. Usinune, atasema nimekunyima chakula."

Mtoto alifungua. Akampiga macho, kifua, nyayo ndogo zenye mikunjo. Kisha akaketi kwenye kompyuta, bintiye nyuma yake na mtoto begani.

Picha zilipofunguka, zilikuwa njano tupu.

"Si unaona, Mama?" binti alisema kwa sauti ndogo.

"Hiyo ya ukuta. Tazama hata taulo."

Ni kweli, hata taulo lilikuwa njano, na vidole vya binti pia. Mkono wa Mama Picha ukausogeza mstari. Taulo likawa jeupe. Vidole vya binti vikarudi rangi yake. Macho ya mtoto yakabaki na kivuli chembamba cha njano, kama chai iliyomwagika ikapanguswa. Akausogeza mstari kidogo tena, maana kwa miaka yote hiyo macho ndiyo yalikuwa kipimo. Taulo likaelekea ubuluu kidogo, lakini nani anaangalia taulo? Macho yakawa meupe. Picha ikawa imesafika.

Binti akashusha pumzi. "Kumbe."

"Nilikwambia."

Akatuma. Haikupita muda mrefu nesi akavuka barabara, sindano bado iko kwenye trei mkononi, akawasikilizisha sauti ile iliyokwaruza. "Nesi, pole na kazi. Macho nayaona meupe, nyayo nzuri. Aendelee kunyonya mara kwa mara. Akilegea au akikataa ziwa, nijulisheni."

Maneno yalikuwa mengi, lakini mtu huchukua anayoyahitaji. Mama Picha alichukua mawili tu: macho meupe.

Ajabu ya mambo ni kwamba mwanamke yule aliyehofia kufuli, kikohozi cha jirani na maziwa yaliyokaa, siku zile hakuhofia. Mzigo ulikuwa umemshuka. Daktari ameona, daktari amesema. Mtoto alilala sana, yeye akafurahi. Hakulia, akamsifu.

"Mtulivu huyu. Kama babu yake, hata njaa ilikuwa haimwamshi."

"Mama, hanyonyi vizuri. Anashika ziwa, analiacha."

"Ameshiba."

"Ameshiba nini? Maziwa yamenijaa mpaka yananiuma."

"Mwanangu, daktari si kamwona?"

Binti akasema bila kumtazama, "Daktari kaona picha, Mama."

"Na hiyo picha kapiga nani?"

"Wewe."

"Basi."

Baadaye, kila alipokumbuka, neno lile "basi" lilimrudia kwa sauti yake mwenyewe, na jinsi alivyolisema: kwa kujiamini, kama mtu anayefunga mlango.

Kesho yake mkwe alipiga simu kutoka njiani. Alikuwa amesimamisha lori, injini ikinguruma nyuma ya maneno yake. "Mama, mimi nitamwona lini huyo bwana mdogo? Nirushieni hata picha niwaoneshe wenzangu."

Umeme ulikuwa umekatika. Mama Picha hakutaka kumwambia mkwe asubiri. Akatoa meza nje barazani, akatandika shuka jeupe, bintiye akamlaza mtoto juu yake. Jua lilikuwa wazi, bila wingu. Fundi viatu aliacha nyundo ili asimshtue mtoto.

Akampiga moja. Akaitazama kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera.

Shuka lilikuwa jeupe pe. Mikono ya bintiye ilikuwa rangi yake. Mtoto alikuwa njano.

Mama Picha aligeuka kutafuta ukuta. Hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na barabara, na ng'ambo ya barabara zahanati iliyopakwa chokaa. Akapiga nyingine, akaitazama, akaiweka kamera mezani. Akainama akamfunua mtoto jicho. Palipotakiwa kuwa peupe palikuwa na njano ya kiini cha yai, nzito, hadi kwenye pembe. Akaushika wayo, akaukandamiza kwa kidole: njano. Akafungua kinywa, ufizi: njano.

"Mama, nini?" binti aliuliza. "Mama, mbona huongei?"

Wakati huo huo mtoto akalia. Hakikuwa kilio chake. Kilikuwa chembamba, kirefu, kikali kama cha chuma kinachokwaruzwa, na mgongo wake ukajikunja kwenda nyuma mpaka kisogo kikaelekea visigino. Fundi viatu alisimama, kiatu cha mtu mkononi, mdomo wazi.

Walivuka barabara bila kuangalia magari. Nesi alimpeleka mtoto dirishani, akamgeuza kwenye mwanga, na uso wake ukabadilika. Akapiga simu, akaipiga kwa simu yake ile picha ya barazani kwenye kamera aliyokuja nayo Mama Picha, akaituma, na daktari akatokea kwenye kioo akikatikakatika.

"Hii ni ya leo?"

"Ya sasa hivi, Dokta."

"Mbona ile ya kwanza macho yalikuwa meupe?"

Nesi alimgeukia Mama Picha.

"Niliyafanya meupe mimi," alisema Mama Picha. "Kwenye kompyuta. Nilidhani ni ukuta."

"Ukuta gani?"

Daktari aliwatazama mmoja mmoja kutoka kule aliko. "Mleteni," alisema. "Chochote chenye magurudumu. Nitakuwa mlangoni."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kwingine. Fundi viatu alisimama katikati ya barabara akalizuia gari la kusambaza mikate. Binti alipanda mbele na mtoto. Mama Picha akaingia nyuma, kwenye kisanduku cha bati kisicho na dirisha, kati ya trei tupu zilizogongana kila gari liliporuka shimo. Gizani mle hakuona kitu. Kupitia bati alisikia kile kilio chembamba, akaomba kinyamaze. Kikanyamaza. Akaomba kirudi.

Hospitali walimbadilisha mtoto damu yote, kidogo kidogo, kupitia kitovu. Kisha wakamlaza uchi chini ya mwanga wa buluu, macho yamefungwa shashi. Mama Picha alimwangalia kupitia kioo. Nesi wa pale alimweleza kwamba mwanga ule unaitoa njano, unaitoa kweli, ndani ya damu. Yeye akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa ukumbini.

Daktari alimkuta kwenye benchi la ukumbi. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye kioo, na makubazi yake yalikuwa yamelika upande mmoja.

"Mama, njano ya mtoto mchanga haipimwi kwa picha," alisema. "Hata iwe nzuri vipi. Ilinipasa niseme apimwe damu, kabla njano haijafika kwenye ubongo. Nilizizoea picha zako, nikaziamini."

"Usinibebee mzigo, mwanangu."

"Sikubebei. Huu ni wangu. Wako uko pale pale."

Daktari aliitwa, akaenda.

Mtoto hakufa. Watu waliokuja kuwapokea walishukuru kwa hilo, wakaomba dua, wakasema mkubwa ni uhai. Kilichorudi nyumbani kilionekana polepole, kama picha za zamani zilivyokuwa zikijitokeza kwenye maji ya dawa. Shingo haikukaza. Mikono ilikakamaa ikakunja ngumi na haikutaka kukunjuka. Kumlisha kulichukua nusu ya asubuhi. Mlango ukibamizwa na upepo, yeye hakushtuka.

Binti hakumpigia mama yake kelele. Ingekuwa nafuu. Aliacha tu kuzungumza naye ila maneno ya kazi: maji yamechemka, shuka limekauka, pisha. Mkwe alikuja, akakaa na mwanawe magotini mpaka jioni, akamnyoosha vidole kimoja kimoja, navyo vikajikunja tena. Akarudi barabarani. Bombani mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Mficha maradhi, kilio humuumbua." Mama Picha alijaza ndoo yake, akajitwika, akaondoka. Hakuwa ameficha. Lakini amweleze nani, na ili iweje?

Alinunua chokaa akapaka kuta za studio bila kuomba ruhusa. Mwenye nyumba alikuja mbio, akafungua mdomo, akamwona mtoto kwenye mkeka, akaufunga. Ila chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Ilianza kubanduka magamba magamba, na kila palipobanduka njano ilichungulia.

Zahanati nayo ilibadilika. Daktari alifika mwenyewe, akapanga na nesi: picha zote zipigwe mlangoni, kwenye mwanga wa jua, zitumwe kama zilivyo bila kupitia mashine yoyote, na mtoto mchanga mwenye njano asipigwe picha kabisa, aende akapimwe damu. Mama mmoja wa mtaa wa juu alimpeleka mtoto wake mchanga kwa amri hiyo. Akarudi naye baada ya siku chache, mtoto analia kwa nguvu zake zote, anasikika hadi ng'ambo. Binti alikuwa anaanika nguo. Alisimama na shati la mvua mkononi, akakisikiliza kilio kile mpaka kikaingia ndani na mlango ukafungwa.

Kioo kiliendelea kuwafaa. Kwenye hospitali kubwa palikuwa na mtaalamu wa viungo, na badala ya kumbeba mtoto safari ile ndefu kila mara, binti alikaa naye mbele ya simu pana akaoneshwa namna ya kumnyoosha, kumkalisha na kumlisha asipaliwe. Siku moja aliporudi kutoka huko alisimama kwenye mlango wa studio. Hakuwa amekanyaga humo tangu siku ile.

"Wanataka video," alisema. "Wanataka kuona kama anasikia. Ipigwe nyumbani, penye utulivu, halafu niitume."

Mama Picha aliacha kitambaa alichokuwa anafutia kamera. "Nesi si anaweza kupiga?"

"Nesi ana wagonjwa."

"Hata fundi viatu simu yake—"

"Mama. Nimekuja kwako."

Walitoka uani. Binti alimkalisha mtoto kwenye karai lililojazwa matambara ili asidondoke, akachukua sufuria na mwiko, akapita nyuma yake. Mama Picha alichutama mbele na simu. Mtoto alimwona. Alimtazama kwa macho makubwa, macho meupe kabisa sasa, na upande mmoja wa mdomo ukapanda, ndivyo alivyokuwa akicheka.

Binti alipiga sufuria. Kuku wa jirani waliruka ukutani.

Mtoto aliendelea kumtazama bibi yake.

Binti akapiga tena, karibu zaidi na sikio, kwa nguvu. Mtoto alitazama vilevile, anacheka upande. Kidole cha Mama Picha kikaenda chenyewe kwenye kitufe.

"Usikate."

"Kichwa kimelala. Ngoja nimweke vizuri kwanza, pengine—"

"Usimweke vizuri, Mama." Sauti ya binti haikupanda. "Mwache alivyo. Wamwone alivyo."

Mama Picha alirudisha kidole. Akaegemeza viwiko juu ya magoti ili picha isicheze. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kidevuni naye hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini. Nyuma ya mtoto binti alipiga, akapiga, akapiga, mpaka fundi viatu akachungulia kwenye kona ya nyumba, akaona, akarudi kimya.

Kisha binti akaweka sufuria chini, akahema. Akazunguka, akachutama kando ya mama yake, bega kwa bega, kuangalia kilichopatikana. Wakakiangalia chote, tangu mwanzo.

"Imeonekana," alisema Mama Picha.

"Tuma," alisema binti.

Akatuma.